Karatasi Iliyobaki Nje ya Chungu

9 Januari

Dada yangu,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Natumaini zile ngazi za chumba chako cha sakristia kanisani sasa unawaachia wenye magoti mazima. Mimi ni mzima, cherehani nzima, pasi tu ndiyo imeanza kiburi, inachagua siku ya kupata moto. Msimu wa sare umekwisha na mgongo wangu umerudi mahali pake. Mama mwenye nyumba anakusalimu, bado anakuita "Mwalimu Mkali" ingawa hujawahi kumfundisha chochote.

Najua ni mimi niliyesema tuandikiane, kwamba simu zinatugombanisha, hatumalizi dakika tatu kabla mmoja hajamkatia mwenzake. Basi leo nimekaa chini niandike kama mtu mzima.

Ni habari ya Sindano. Binti yangu amerudi shuleni kwenu jana, nadhani umeshamwona. Amekaa nami likizo nzima, wiki tano, na maneno aliyoniambia yanaenea kwenye kiganja: shikamoo, chakula tayari, nimesikia. Hata kuniita "Baba" amekuwa akikwepa. Nikiingia chumbani, anakumbuka kazi jikoni. Nikienda jikoni, anakumbuka kufua. Nyumba yenyewe vyumba viwili, Dada, na mtoto amefanikiwa kutokutana nami kwa wiki tano!

Sasa nina ombi, na usinune kabla hujamaliza kusoma. Kwaresima inakuja. Najua utaratibu wenu: kila mtu hapo shuleni, kuanzia Sista Mkuu hadi mpishi, anaandika kwenye karatasi jambo analotaka asamehewe au linalomlemea moyoni, anaikunja mara nne, anaitumbukiza kwenye chungu cha kanisani. Wewe unazichoma pamoja na matawi makavu ya Jumapili ya Matawi ya mwaka jana, na ndiyo majivu mnayopakwa Jumatano ya Majivu. Mwandiko wa Sindano unaujua hata gizani. Nisomee yake. Moja tu. Niambie kama nimo, na kama nimo, nimo kwa lipi. Mtoto anaelekea kunipotea na mimi sijui nimkamate wapi.

Wako,
Mdogo wako Fundi


25 Januari

Mdogo wangu,

Marahaba. Mguu upo, unauma ukitaka. Ngazi napanda, usinipangie. Sindano nimemwona, amefika salama, amerefuka na shingo imetokeza nje ya kola. Amechaguliwa kuongoza kwaya ya bweni, kama hakukuambia. Ninavyoona hakukuambia.

Hapa tumeshaanza. Wasichana wanaleta matawi yao ya mwaka jana, yale waliyoyachomeka nyuma ya picha na juu ya vitanda, na kila mwaka kuna anayeleta fagio la makuti akidhani sitatambua. Sista Mkuu ametangaza kwamba Kwaresima hii bweni zima litaacha sukari. Wamepiga makofi. Nikamwambia Sista, hawa wamepiga makofi kwa sababu hawajaelewa, ngoja Jumatano.

Ombi lako nimelisoma hadi mwisho, na nimenuna. Miaka kumi na tisa nachoma karatasi za chungu kile. Humo zimepita karatasi za mapadre, za walimu, za wasichana ambao leo ni mama wa wasichana wengine. Sijafunua hata moja. Siku Sista Mkuu wa kwanza aliponikabidhi chungu alinitazama usoni akaniuliza, "Wewe ni mdadisi?" Nikamwambia ndiyo, Sista, sana. Akasema, "Vizuri, basi utajua ni kiasi gani unajinyima." Sasa unataka nianze kufunua uzeeni, na nianze na mtoto wa nyumbani?

Halafu nikuulize. Kweli hujui ulichomkosea, au unajua na unataka karatasi ikutajie ili usijitaje mwenyewe?

Jambo jingine dogo. Vile vitambaa vya zambarau ulivyotushonea mwaka jana vya kufunikia msalaba na sanamu, kimoja, cha Mtakatifu Yosefu, kimeliwa na panya pindo la nyuma, kipande cha ukubwa wa kiganja. Una baki ya kitambaa kile unitumie niweke kiraka? Kwaresima tutaviweka kuanzia Jumapili ya tano.

Kula vizuri.

Dada yako


6 Februari

Dada,

Shikamoo. Mimi mzima. Pasi imekufa rasmi, nimeazima ya jirani.

Baki ya kitambaa sina. Na wewe unajua sina, na unajua kwa nini sina. Au unataka niandike? Haya, naandika, kwa sababu barua yako nimeiweka chini ya mkasi siku nne na kila nikiushika mkasi naiona.

Kitambaa kile ni gauni la marehemu wifi yako. Lile la marinda, la kwanza kumshonea baada ya kuoana, mita saba, alilolivaa kila Jumapili mpaka ncha za mikono zikafifia rangi. Alipofariki liliniangalia kutoka kabatini miezi kumi. Wewe uliponitembelea ulifungua kabati, ukalitazama, ukasema, "Mdogo wangu, nguo za marehemu zikikaa hivi zitakumaliza. Zipe kazi." Nikasubiri wiki moja. Kisha shule yenu ikatafuta mtu wa kushona vitambaa vya Kwaresima, na mimi nikaona hiyo ndiyo kazi, tena kazi ya heshima, avae Mama Bikira Maria nguo aliyoipenda marehemu. Nikafumua mishono yangu mwenyewe, nikakata, nikakutumia vitambaa vitatu. Sindano sikumuuliza. Alikuwa shuleni. Nilisema moyoni kwamba akiviona atafurahi.

Akaviona. Alikuwa amepiga magoti safu ya tatu, aliponyanyua macho akaona gauni la mama yake limemfunika Mtakatifu Yosefu. Hilo aliniambia mwenyewe, likizo ya Pasaka, akiwa amesimama mlangoni, na tangu siku hiyo hakunieleza tena lolote refu kuliko "chakula tayari". Mimi nilimjibu nini? Nilimjibu kwamba kitambaa ni kitambaa. Dada, nilisema hivyo kweli. Fundi mzima.

Kwa hiyo kosa langu nalijua. Nisilolijua ni kama limeisha au limekuwa kubwa zaidi mle ndani yake. Ndiyo maana nakuomba karatasi. Ningeweza kuvumilia chochote kilichoandikwa, ila huku kunyamaza sikuwezi.

Nakuomba tena. Moja tu.

Fundi


20 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Watu wote wazima hapa, isipokuwa Bwana Kengele, mpiga kengele wetu, ambaye kuacha sukari kumemtia hasira. Jana alipiga kengele ya kwanza dakika kumi kabla ya wakati, nadhani kwa kulipiza.

Barua yako ilinifikia Jumamosi. Nikaisoma sakristia nikiwa nimesimama, nikaikunja. Chungu kilikuwa mbele yangu juu ya meza ya mishumaa, kimejaa karatasi. Nikakaa nacho Jumamosi, nikakaa nacho Jumapili. Jumatatu asubuhi baada ya misa nikakibeba mpaka nyuma ya kanisa, nikatandaza matawi, nikawasha kiberiti. Zikaungua zote, nikachekecha majivu kwenye chujio kama kila mwaka, meupe mazuri, hata Padre akasifu.

Sasa sikia balaa. Siku ya kuchoma ni Jumanne. Imekuwa Jumanne tangu chungu kiitwe chungu. Na Jumatatu ile wasichana wa kidato cha tatu walikuwa bado mafungoni parokiani, walitakiwa warudi jioni watumbukize karatasi zao. Wamerudi, thelathini na wanane, kila mmoja na karatasi mkononi imekunjwa mara nne, na chungu kimeshapoa. Wakanizunguka pale nyuma ya kanisa. Mmoja akalia kabisa: "Sasa yangu itaendaje?" Mimi, Mwalimu Mkali, nikaweka chujio chini. Nikaomba radhi kwa watoto, mmoja mmoja.

Sista Mkuu akaja, akatazama majivu, akanitazama mimi. Akaagiza kopo kubwa tupu la maziwa, akasema tuchome zao humo na tuyachanganye, majivu ni majivu. Wakapanga mstari. Thelathini na saba wametoa. Mmoja hakutoa. Unamjua ni nani.

Alinifuata sakristia baadaye nikichanganya majivu. Akaweka karatasi yake karibu na bakuli, akasema, "Shangazi, hii usiichome. Niwekee." Nikamuuliza, mpaka lini? Akasema, "Wewe niwekee tu," akatoka. Jumatano nilipokuwa nimesimama nyuma ya Padre nikishika bakuli, akaja kupakwa, akanitazama mimi badala ya Padre.

Karatasi iko kwenye droo ya mishumaa. Nimekuambia kwa sababu sitaki usikie kwa mtu mwingine. Sijaifunua na wala usiniombe.

Dada yako


3 Machi

Dada,

Shikamoo. Mzima. Nimepokea kazi ya majoho ya wahitimu, meusi, hamsini, macho yanataka kutoka.

Umeniwekea sahani mezani ukanifunga mdomo. "Usiniombe." Sawa, siombi. Nauliza tu swali moja, na ulijibu kwa haki kama ulivyotaka mimi nikujibu.

Tangu tukiwa wadogo hujawahi kukosea siku. Wewe ndiye uliyekuwa ukituamsha Jumapili na kutulaza Jumamosi, wewe ndiye unayekumbuka tarehe za ubatizo wa watoto wa majirani. Mtu huyo huyo, baada ya miaka kumi na tisa, anachoma Jumatatu badala ya Jumanne? Dada, hukusahau. Ulikimbia. Kama ulikimbia kwa ajili yangu, ili usishawishike kunisomea, ningeelewa na ningekushukuru. Lakini barua yangu ile ilikuwa na jambo lako ndani yake, lile la kabati, na wewe umenijibu kurasa mbili hukuligusa hata kwa kidole.

Ulikuwa unaogopa nini humo chunguni?

Mdogo wako


21 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimechelewa kukujibu wiki mbili na nusu na sina kisingizio cha posta.

Nilikuwa naogopa jina langu.

Haya. Umeniuliza kwa haki, najibu kwa haki. Ni mimi niliyekuambia nguo zile uzipe kazi. Uliponitumia kifurushi mwaka jana nilikifungua peke yangu pale sakristia, na kabla sijaona rangi nilishajua. Lile pindo nililishika mimi mwenyewe siku ile wifi alipolijaribu gauni mara ya kwanza na wewe ulikuwa na pini mdomoni. Nilitambua ni gauni lake. Ningeweza kukirudisha. Ningeweza kumwita mtoto nimwambie kabla hajaona. Lakini vitambaa vya zamani vilikuwa vimetoboka, Jumapili ilikuwa kesho yake, na vyako vilikuwa vimeshonwa vizuri. Nikavipachika. Kesho yake nikamwona Sindano akisimama katikati ya misa na kutoka nje. Nikamwambia mwalimu wake wa zamu kwamba mtoto anaumwa tumbo. Mwaka mzima nimekuacha ubebe peke yako, nikikuandikia barua za kukukaripia kwamba hujijui.

Kwa hiyo Jumatatu ile nilichoma ili nisisome "Shangazi".

Baada ya barua yako sikuwa na raha hata ya kusali. Juzi tulikuwa tunajiandaa kuviweka vitambaa, nikamwita Sindano. Tukakaa kwenye benchi la sakristia. Nikamweleza yote: kabati, kifurushi, pindo, tumbo la uongo. Nikamwomba radhi. Nikatoa karatasi yake kwenye droo, nikamrudishia ikiwa imekunjwa vilevile mara nne, nikamwambia, mwanangu, nimeilinda, haijafunuliwa.

Unajua amenifanyia nini? Ameniangalia kwa huruma. Akasema, "Shangazi, nilikupa ili usome. Nilidhani utaisoma siku ileile."

Usicheke! Najua unacheka.

Alisema chungu kilipomwacha nje aliona itabidi aseme kwa mdomo, na mdomo ukagoma, ndipo akanipa mimi, akingoja nimwite. Akangoja mwezi mzima. Kila siku akipita mlangoni kwangu na mimi najifanya nahesabu mishumaa.

Akaifunua, akanisomea mwenyewe. Hukuwemo. Mimi pia sikuwemo. Ilikuwa mistari miwili: mwaka jana wiki ile ya mateso aliingia kanisani wakati wa chakula cha mchana akiwa na mkasi wa darasa la ushonaji, akakata kipande nyuma ya kitambaa cha Mtakatifu Yosefu, na anaomba asamehewe kuharibu kitu cha kanisa. Basi. Sisi watu wazima wawili tumetetemeka tangu Januari, mmoja mbali na mwingine karibu, na mtoto alikuwa anaungama pindo.

Panya wa watu nimewawekea sumu bure.

Kipande anacho, kiko katikati ya daftari lake la jiografia. Alinionyesha. Alikikata, alisema, kwa sababu kilikuwa bado kinamnukia mama yake. Sasa hakinuki kitu tena ila ubani. Nikamwambia hata mimi nilivinusa kabla ya kuvipachika. Akasema, "Najua, nilikuona dirishani, ila sikujua ni nini mpaka kesho yake." Halafu akaniuliza swali, na ndilo linalonifanya nikuandikie leo kabla ya chakula: "Baba naye, alinusa kabla ya kukata?"

Nimemwambia akuulize mwenyewe. Shule inafungwa Jumatano ya Wiki Kuu, atakuwa kwako kabla ya jioni. Vitambaa vile hatukuviweka. Nimevifungia kwenye begi lake, vyote vitatu, na sanamu zetu mwaka huu zimefunikwa shuka za bweni, Sista Mkuu amekubali bila kuuliza. Usiandae maneno. Unapoandaa maneno huwa unasema mambo ya kitambaa ni kitambaa.

Nisamehe na wewe.

Dada yako


11 Aprili

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo, na Pasaka njema iliyochelewa kwa siku sita. Sote wawili wazima. Nimesema sote wawili, umeona.

Alifika Jumatano saa tisa. Mimi nilikuwa na mteja, mama mmoja wa yale majoho, amesimama na joho la mwanawe begani akilalamikia mikono mirefu. Sindano akaingia, akasalimia, akaweka begi juu ya meza ya kukatia, katikati ya chaki na vitambaa vyangu, ambapo hakuna mtu anayeruhusiwa kuweka kitu. Hakusubiri mteja aondoke. Akasema, "Baba, ulipolikata gauni la Mama, ulilinusa kwanza?"

Nilikuwa nimeandaa maneno, Dada. Nilikuwa nayo tangu barua yako, mengi na mazuri. Yakanitoka yote. Nikamwambia hapana. Nikamwambia niligeuza uso pembeni nikakata upesi upesi, na mdomo nimeufunga, na pua karibu niizibe, kwa sababu ningelinusa nisingekata. Ningekaa nalo mpaka leo, mimi na yeye tusingekula wala kwenda popote. Nikamwambia nilitakiwa nimngoje tukate wote, au tusikate, na kwamba lile la kitambaa ni kitambaa lilikuwa la mtu anayeogopa kulia mbele ya mtoto.

Halafu nikalia mbele ya mtoto. Na mbele ya mteja pia. Yule mama akalitua joho taratibu, akasema mikono haina shida, fundi, wala usiharakishe, akatoka kwa ncha za vidole.

Sindano hakunikumbatia wala nini, usije ukaanza kutia chumvi kwa Sista Mkuu. Alikaa kwenye kiti cha wateja. Akasema, "Mimi nimeanza kusahau alikuwa ananukiaje. Nikikumbuka nakumbuka ubani." Akasema ndiyo maana alikuwa ananikasirikia kila akiniona, siku nyingi si kwa ajili ya kukata, ila kwa sababu mimi peke yangu ndiye ningeweza kumwambia, na mimi nikawa sisemi habari za mama yake kabisa. Nikitajiwa, nawasha cherehani.

Ni kweli. Nawasha.

Basi nikauchomoa waya wa cherehani ukutani, nikakaa chini kwenye marundo ya vitambaa. Nikamwambia mimi sijasahau hata kidogo. Sabuni ya kipande, ile ya bluu. Mvuke wa pasi, kwa sababu alikuwa akipiga pasi nguo zangu zote za wateja na mimi nikijisifu kwamba ni kazi yangu. Mafuta ya nywele aliyokuwa akiyaficha nisione bei yake. Na shingoni, ukimwinamia, kitu kama mkate unapotoka motoni, ambacho sikuwahi kumwambia. Sindano akasema, "Endelea, Baba."

Nikaendelea.

Mdogo wako